Kinyumenyume kwa Kalervo

Saa kumi na mbili asubuhi, na bado ni usiku.
Huku Kainuu jua la Januari ni mgeni mwenye haraka:
hubisha hodi saa nne, halikai kitako,
saa tisa limeshaaga.
Nachomoa waya wa umeme puani mwa gari.
Limelala limechomekwa ukutani kama simu,
injini isije ikaganda mishipa.
Nakwangua kioo. Nakwangua tena:
pumzi yangu imeganda upande wa ndani.

Ni kigari tu. Chekundu, cha mwaka ule binti yangu alipoanza shule,
na sasa binti ana mtoto.
Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta,
ya nyuma hufuata tu,
kama watoto wanaoburutwa kanisani.
Jirani yangu Pentti kila msimu hunishauri
nitie gunia la mchanga kwenye buti, lisiyumbe.
Pentti aliendesha gari la kusukumwa kwa nyuma miaka thelathini,
na ushauri wake, kama suruali zake, ni wa enzi hizo.
Uzito wangu uko mbele, Pentti.
Punda wa kuvuta ukimlemeza mkiani
kwato za mbele hupapasa hewa.
Namwambia asante. Mchanga ninao, ndoo moja,
wa kumwaga.

Theluji ya usiku huu ni kavu,
inalia chini ya tairi kama unga wa muhogo ukifinywa.
Hiyo haina neno.
Ya juzi, iliyoyeyuka kidogo kisha ikajuta,
ndiyo mbaya: imejilaza chini yake,
kioo chini ya shuka.

Kwenye kona ya kiwanda cha mbao mikono inakumbuka yenyewe.
Usikanyage breki. Usiachie mafuta ghafla, mkia utataka kuongoza.
Peleka macho kwanza, usukani utayafuata,
kisha gusa mafuta,
kama unavyomgusa bega mtu aliyelala.
Mkia unatoka, unafikiri,
unarudi.
Moyo nao.

Halafu kilima.
Mita mia mbili, na juu yake taa moja:
dirisha la Kalervo, miaka themanini na minne,
anayesubiri sindano ya kisukari na mtu wa kumlaumu kuhusu uji.
Greda halijapita. Kwa wakazi wa peke yao greda hupita mwisho.
Napanda. Misumari ya matairi inakwaruza, inakwaruza,
nusu ya njia gari linazungusha miguu papo hapo
na kuanza kuteleza kurudi,
polepole, kwa adabu.
Najaribu tena kwa mbio.
Mbio zimeninunulia mita tatu.

Basi nafanya alichonifundisha Hellevi, dereva wa basi la shule,
juu ya ziwa lililoganda, nikiwa na miaka kumi na saba na kiburi:
naligeuza gari, nakipa kilima kisogo,
natia gia ya nyuma, napinda shingo.
Na uzito ule ule wa injini ulioniangusha
sasa unayaegemea magurudumu yenye kazi.
Yanauma. Yanapanda.
Taa kubwa zinamulika nilikotoka:
kushindwa kwangu mara mbili,
kumechorwa vizuri kwenye theluji.

Mlango u wazi. Kalervo amesimama na soksi tu,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri zinapita kando yake kuingia jikoni.
"Niliona taa nyekundu," anasema. "Nikadhani unaondoka."
"Sijafika, nitaondokaje?"
Hacheki. Nafunga mlango. Namkalisha.

Anapandisha shati, ananipa tumbo, anatazama dirisha.
"Kwenye kilima hiki taa nyekundu huwa zinapungua.
Za gari lililomchukua Aune zilipungua
mpaka pale kwenye sanduku la barua,
zikawa nukta.
Hizi zilikuwa zinakua."

Nachoma sindano.
Uji, anasema, una madonge.